Teknolojia darasani husaidia pale inapomwonyesha mwalimu jinsi mwanafunzi anavyofikiri

Mleta uzi (mwalimu wa hisabati)

Ndugu walimu wenzangu, pamoja na wazazi mnaofuatilia masuala ya elimu, salaam.

Nimefundisha hisabati kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilitumia projekta karibu kila siku. Slaidi zangu zilikuwa safi, zenye rangi na michoro, na kila nilipomaliza kipindi niliondoka nikiwa na hakika kwamba nimefundisha. Kilichonizindua ni jaribio dogo nililolitoa bila kutangaza, wiki moja baada ya kumaliza mada ya desimali. Swali la kwanza liliwataka wanafunzi wataje namba iliyo kubwa kuliko zote kati ya 0.7, 0.45 na 0.123, na wengi wao waliandika 0.123. Nilirudi kwenye slaidi nikakuta maelezo yote yamo, tena yamepangwa vizuri, na wanafunzi hao hao walikuwa wameyanakili neno kwa neno katika madaftari yao. Kwa muda wote ule projekta ilikuwa imenisaidia kusema haraka zaidi, na hakuna hata siku moja ambayo ilinisaidia kujua wanafunzi wameelewa nini.

Ndiyo sababu nimeleta uzi huu. Hoja yangu ni kwamba kifaa husaidia ujifunzaji pale kinapomfanya mwanafunzi afikiri mwenyewe, kisha kikampa mwalimu nafasi ya kuona fikra hiyo mapema, kabla kosa halijaota mizizi. Kifaa kisichofanya hivyo kinaweza kulipendezesha darasa bila kubadili chochote katika yale ambayo wanafunzi wanayajua.

Matumaini makubwa juu ya vifaa si jambo la leo. Mwaka 1913 Thomas Edison alitabiri kwamba vitabu vingeachwa shuleni muda si mrefu, kwa kuwa picha zinazotembea zingefundisha kila kitu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha mashine yake ya kufundishia, na mwaka 1960 Chuo Kikuu cha Illinois kilianzisha PLATO, mfumo wa kufundisha kwa kompyuta. Mwaka 1983 mtafiti Richard Clark aliandika jambo lililowaudhi wengi, kwamba chombo kinachopeleka somo hakibadilishi ujifunzaji kwa nguvu zake chenyewe, kama vile gari linaloleta vyakula lisivyobadili lishe ya anayevila. Sikubaliani naye kikamilifu, kwa sababu yapo mambo ambayo ubao na chaki haviwezi kuyafanya. Hata hivyo, kila ninaposikia kwamba shule fulani imenunua vifaa vipya, swali lake hunijia: je, somo lenyewe limebadilika?

Naomba tulinganishe mifano miwili, maana ndiyo iliyonifunza zaidi. Wa kwanza ni wa Peru, nchi iliyogawa kompyuta mpakato kwa wanafunzi kwa mamia ya maelfu chini ya mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto. Watafiti walifuatilia shule 319 za msingi za vijijini, baadhi zikiwa zimepewa kompyuta na nyingine zikiwa bado hazijapewa. Baada ya zaidi ya mwaka mmoja hawakuona tofauti yoyote katika alama za hisabati wala za lugha. Watoto walikuwa wamezizoea kompyuta na walizitumia mara nyingi zaidi kuliko wenzao, lakini ufundishaji darasani ulibaki kama ulivyokuwa.

Wa pili ni wa Delhi, nchini India, ambako wanafunzi wa darasa la sita hadi la tisa walichaguliwa kwa bahati nasibu wahudhurie vituo vya masomo ya ziada vilivyotumia programu iitwayo Mindspark. Programu hiyo ilianza kwa kumpima kila mwanafunzi, na matokeo ya kipimo yalikuwa ya kusikitisha: katika hisabati, mwanafunzi wa kawaida wa darasa la sita alikuwa nyuma kwa zaidi ya madarasa mawili, na pengo hilo lilizidi kupanuka kadiri madarasa yalivyopanda. Kwa maneno mengine, mwalimu alikuwa akifundisha mtaala wa darasa la sita kwa watoto ambao wengi wao walikuwa wamekwama kwenye mambo ya darasa la nne au la tatu. Programu ilimpa kila mmoja maswali ya kiwango chake, ikachambua makosa yake na kumrudisha kwenye dhana aliyoikosa. Baada ya miezi minne na nusu, wanafunzi hao walikuwa wamepiga hatua takriban mara mbili ya wenzao ambao hawakuchaguliwa. Haki inanitaka niongeze kwamba nusu ya muda wa kila siku katika vituo hivyo ilikuwa ya kukaa na msaidizi wa kufundisha katika kundi dogo, kwa hiyo matunda yale si ya kompyuta peke yake.

Tofauti baina ya mifano hii haikutokana na ubora wa mashine. Peru kompyuta ilimfikia mtoto bila kujua chochote kumhusu, na Delhi kazi yake ya kwanza ilikuwa kugundua mtoto amesimama wapi.

Sasa nirudi kwenye desimali zangu, maana hapo ndipo nilipobadilika. Watafiti Kaye Stacey na Vicki Steinle wa Chuo Kikuu cha Melbourne wameeleza kwa kina jinsi wanafunzi wanavyolinganisha desimali, na nilipoyasoma maelezo yao niliona sura za wanafunzi wangu. Lipo kundi linaloamini kwamba desimali ndefu ndiyo kubwa. Hawa huisoma 0.123 kama mia moja ishirini na tatu, na 0.7 kama saba. Lipo pia kundi linaloamini kinyume chake, kwamba fupi ndiyo kubwa, kwa kuwa wamesikia kwamba sehemu ya kumi ni kubwa kuliko sehemu ya mia, wakahitimisha kwamba desimali yenye tarakimu moja huizidi kila desimali yenye tarakimu mbili. Kundi hili la pili ndilo linalotupita bila kuonekana. Katika swali nililotoa, mwanafunzi wa namna hii huchagua 0.7 na kupewa alama, ilhali hajaelewa. Ukimpa swali la kulinganisha 0.3 na 0.35, atachagua 0.3 na kosa lake litadhihirika. Lakini swali hilo la pili likiwa peke yake litawaficha wale wa kundi la kwanza, ambao watajibu 0.35 kwa sababu potofu. Maswali yote mawili yanahitajika kwa pamoja, na la tatu la kulinganisha 0.4 na 0.40 huwakamata waliobaki.

Hapa ndipo kifaa kinapokuwa na maana. Nikiwauliza wanafunzi hamsini maswali matatu kwa mdomo, nitasikia sauti za wanne au watano walio wepesi wa kunyoosha mikono, nao mara nyingi ndio wanaojua. Wakijibu wote kwa wakati mmoja kwa njia ya kielektroniki, ndani ya dakika mbili ninaona ni wangapi wako kundi gani, na ninaamua hapo hapo iwapo nisonge mbele au nirudi kwenye ubao wenye mstari wa namba. Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, ameutumia utaratibu wa namna hii tangu mwaka 1991: anauliza swali la dhana, kila mwanafunzi anajibu peke yake, na ikiwa waliopata wako takriban kati ya asilimia 30 na 70, anawaagiza wageukiane, wajadiliane, kisha wajibu tena. Wakiwa wachache mno waliopata, mjadala hauna wa kuuongoza, na hapo yeye mwenyewe hufafanua upya. Nimeujaribu utaratibu huu na nakiri kwamba dakika za mabishano baina ya wanafunzi ndizo dakika zenye uhai kuliko zote katika kipindi changu.

Jambo jingine linalostahili kutajwa ni maswali ya kukumbuka. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi matini ya kusoma. Baadhi waliisoma mara ya pili na wengine walijipima kwa kuandika walichokumbuka. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo, lakini baada ya wiki moja waliojipima walikumbuka asilimia 56 na wenzao asilimia 42. Programu ndogo ya maswali inayomrudishia mwanafunzi mada ya wiki iliyopita, kisha ya mwezi uliopita, ina thamani kubwa kuliko video ndefu iliyotengenezwa kwa ustadi.

Kuhusu hasara nitakuwa mfupi. Skrini iliyofunguliwa mambo mengine humvuruga mwenyewe na pia jirani anayeiona, kama jaribio la Sana, Weston na Cepeda lilivyoonyesha mwaka 2013. Aidha, uchambuzi wa tafiti 54 uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba matini za maarifa hueleweka vizuri zaidi zikisomwa kwenye karatasi kuliko kwenye skrini, hasa msomaji anapobanwa na muda. Mimi sasa nawaambia wanafunzi wafunge vifaa vyote mpaka swali linapotoka, na maelezo marefu nawapa kwenye karatasi.

Naomba michango yenu, hasa kutoka kwa wenye uzoefu tofauti na huu.

Mchangiaji wa kwanza (mwalimu wa shule ya msingi)

Mwalimu mwenzangu, nashukuru kwa uzi uliopangika. Tatizo langu ni kwamba unazungumzia wanafunzi kujibu kwa njia ya kielektroniki kana kwamba kila mmoja ana kifaa. Darasa langu lina watoto wengi, kifaa kilichopo ni simu yangu peke yangu, na intaneti huja na kuondoka. Je, hoja yako inatuhusu na sisi, au ni ya shule zenye maabara ya kompyuta?

Mleta uzi

Inawahusu, mwalimu, na pengine inawahusu kuliko wengine. Mwaka 2008 Nathaniel Lasry alilinganisha madarasa yaliyojibu kwa vifaa vya kielektroniki na yale yaliyonyanyua kadi za karatasi zenye herufi, na hakuona tofauti ya maana katika uelewa wa dhana. Kinachofanya kazi ni swali zuri na kujibu kwa pamoja. Anza na kadi. Ukitaka kumbukumbu ya nani alijibu nini, ipo programu iitwayo Plickers, ambayo kila mtoto hushika kadi yenye alama yake ya pekee, anaigeuza upande wa jibu analolitaka, na simu ya mwalimu inazisoma kadi zote kwa kamera. Simu moja inatosha darasa zima, na watoto hawashiki kifaa chochote.

Kuhusu intaneti, ipo Kolibri, jukwaa la masomo linalopakuliwa mara moja na kuwekwa kwenye kompyuta moja, kisha vifaa vingine vikajiunganisha nayo ndani ya shule bila kuhitaji intaneti tena.

Na usiidharau simu ya kawaida. Shule zilipofungwa mwaka 2020, watafiti nchini Botswana waliwatumia wazazi maswali mepesi ya hesabu kwa ujumbe mfupi kila wiki. Ujumbe peke yake haukuleta tofauti ya kutegemewa, lakini familia ambazo pia zilipigiwa simu kwa dakika 15 hadi 20 kila wiki, mtu akaongea na mzazi na mtoto kuhusu swali lile, watoto wao waliendelea vizuri zaidi. Huo ndio mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu sauti ya mtu ilihitajika ili ujumbe uzae matunda.

Mchangiaji wa pili (mwalimu wa fizikia)

Nakubaliana na mleta uzi kwa sehemu kubwa, ila nadhani amezipa nafasi ndogo programu za uigaji, yaani zile zinazoiga jambo halisi kwenye skrini. Yapo mambo ambayo maswali na kadi havitayafikia. Wanafunzi wangu wengi huamini kwamba mkondo wa umeme huliwa na balbu, hivi kwamba balbu ya pili katika sakiti hupata mabaki ya ile ya kwanza. Nimelieleza jambo hili kwa maneno kwa miaka mingi na imani ile ilirejea kila mara. Uigaji wa PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2001, unawaonyesha elektroni zikizunguka sakiti nzima kwa kasi ile ile kabla na baada ya balbu. Hakuna waya halisi utakaokuonyesha hivyo, na uigaji huo unaweza kupakuliwa ukatumika bila intaneti.

Nilichojifunza kwa gharama ni utaratibu wa kuutumia. Mwaka wa kwanza niliwaachia wanafunzi wacheze nao, wakafurahi sana, wakaunganisha betri nyingi hadi sakiti ikawaka moto kwenye skrini, na imani yao ya zamani ikabaki palepale. Siku hizi kila mmoja huandika kwanza utabiri wake na sababu, ndipo tunaiwasha sakiti, kisha anaeleza kwa nini alichokiona kinatofautiana na alichotabiri. Yule ambaye hakutabiri hana cha kushangaa. Baada ya hapo nawapa waya na balbu za kweli, maana ni lazima pia wakutane na betri iliyochoka na waya uliolegea.

Mchangiaji wa tatu (mzazi)

Samahani walimu, naingia kama mzazi. Binti yangu anafanya kazi zake za nyumbani kwa kuuliza programu ya akili unde. Alama za kazi hizo zimepanda, lakini katika mtihani alama zimeshuka. Nimzuie kabisa?

Mleta uzi

Dada yangu, ulichokiona nyumbani kimeonekana pia katika utafiti. Nchini Uturuki, wanafunzi wa sekondari takriban elfu moja walifanya mazoezi ya hisabati katika makundi matatu. Waliopewa programu ya kawaida ya akili unde walifanya vizuri zaidi katika mazoezi kwa asilimia 48, lakini ilipoondolewa wakati wa mtihani, walipata pungufu kwa asilimia 17 kuliko wenzao ambao hawakuwa nayo kabisa. Kundi jingine lilipewa programu iliyoelekezwa na walimu itoe vidokezo bila kutoa jibu, na madhara yale karibu yote yakatoweka. Angalia pia kwamba hata kundi hilo la vidokezo halikuwashinda katika mtihani wale waliofanya mazoezi peke yao.

Singeshauri umzuie kabisa. Mwombe afanye kila swali kwa kalamu kwanza, hata kama atakosea, kisha aionyeshe programu kazi yake na kuiuliza kosa liko hatua ya ngapi, bila kuomba jibu. Baada ya hapo aifunge na kufanya swali jingine la namna ile ile. Kaa naye mara moja au mbili uone kama anaweza kukueleza kwa maneno yake mwenyewe alichokifanya. Uangalifu unahitajika, kwa sababu programu hizi hukosea kwa sauti ya uhakika, na mwanafunzi asiyejua mada hana njia ya kulitambua kosa.

Mchangiaji wa nne (mwalimu wa elimu jumuishi)

Naomba tusiwasahau wanafunzi ambao kwao kifaa ndicho mlango wenyewe wa kuingilia darasani. Ninaye mwanafunzi asiyeona anayetumia NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia ambao nao hawaoni, inayomsomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kompyuta. Kwa programu hiyo anasoma matini zile zile na kwa wakati ule ule na wenzake. Kinachomrudisha nyuma ni sisi walimu. Tunapiga picha ukurasa wa kitabu na kuutuma kama picha, na kwake ukurasa huo ni mtupu. Tunaweka grafu bila sentensi hata moja ya maelezo. Tunasema darasani “tazameni hapa” bila kutaja hapa ni wapi. Mambo haya matatu hayahitaji fedha wala mafunzo marefu, na nimeona kwamba mwalimu akianza kuandika maelezo ya grafu kwa ajili ya mwanafunzi mmoja, wengine wengi ambao walikuwa wakiitazama bila kuielewa huanza kuielewa.

Mleta uzi

Nakushukuru sana kwa mchango huu, na ninakiri kwamba mimi ni miongoni mwa waliotuma kurasa kama picha. Nitayaandika upya maswali yangu yote ya desimali yaweze kusomwa na programu hiyo, nami nitaeleza mstari wa namba kwa maneno.

Kwa kuwa wengi wameniomba maswali hayo kwa ujumbe wa faragha, napendekeza tuyakusanye hapa hapa, kila swali likiwa na majibu ya kuchagua na maelezo ya kosa ambalo kila jibu linaliashiria. Naanza na la sehemu. Swali: 1/2 + 1/3 ni ngapi? Anayechagua 2/5 amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Anayechagua 2/6 ameipata asili ya pamoja lakini amesahau kubadili viasi. Anayechagua 1/6 amezidisha. Anayechagua 5/6 amepata, ila mpe na 1/2 + 1/4 uhakikishe, kwa sababu wapo wanaozidisha asili kila mara wakabaki na 6/8 bila kutambua kwamba ni sawa na 3/4. Anayefuata alete swali la namba hasi.